Ushauri wa haraka: kromidi wangu wanahema juu ya maji, niongeze chumvi kiasi gani?

MwanaMatrah: Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Muscat, na tangu mwezi wa pili ninafuga kromidi sita wa rangi ya chungwa, wale samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wa kusini mwa India na Sri Lanka ambao kwao hukaa mito inapokutana na bahari. Tangi langu ni la lita 120. Wiki iliyopita wawili walitaga, wakayalinda mayai usiku na mchana, na sasa vifaranga vinaogelea vikidonoa ute wa ngozi ubavuni mwa wazazi. Lakini tangu juzi samaki wote wanahema juu ya maji, matamvua yamekuwa mekundu, na jana wawili wamekufa. Kwa kuwa ni samaki wa maji ya chumvichumvi, naona chumvi haiwatoshi. Nimetia nusu kilo ya chumvi ya akwaria za bahari, na haidromita, kipimo cha chumvi ya maji, inasoma 1.005. Je, nipandishe hadi 1.010, au nifike kabisa kwenye 1.025 ya baharini?

Mtembezi wa Malabari: Pole sana, ndugu yangu. Umenikumbusha miaka niliyofanya kazi Kochi, India. Ndugu yao mkubwa, kromidi wa kijani, huko huitwa karimeen, na mwaka 2010 alitangazwa kuwa samaki rasmi wa jimbo la Kerala. Humpaka viungo, wakamfunga katika jani la mgomba na kumchoma, na harufu yake sijaisahau. Wavuvi wa ziwa la Vembanad walinieleza kwamba mvua za kusi huyafanya maji yao yakaribie kuisha chumvi kabisa, na kiangazi kikifika chumvi hupanda tena, ilhali kromidi wamo humo mwaka mzima. Sidhani kama upungufu wa chumvi unaweza kuwaua kwa siku mbili.

Umm Zawadi: Mwanangu, kiumbe uliyemfungia ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Ungeuliza siku ile walipoanza kuhema, si baada ya wawili kufa.

Babu Dau: Acha chumvi kwanza, bwana. Nakuuliza jambo moja na ulijibu kwa ukamilifu: siku moja au mbili kabla ya samaki kuanza kuhema, uligusa nini katika tangi hilo? Na je, umepima amonia?

MwanaMatrah: Amonia sijapima. Sikugusa kitu kikubwa. Niliweka vipande vya matumbawe vilivyokauka ili maji yafanane na ya kwao.

Babu Dau: Na kichujio?

MwanaMatrah: Kichujio nilikiosha siku hiyohiyo, kwa sababu sifongo lilikuwa limejaa tope na linanuka. Nililikamua chini ya bomba hadi likawa jeupe, na vile vigae vidogo vya ndani nikavisugua pia. Sidhani kama usafi unaweza kuwa kosa.

Babu Dau: Basi hapo ndipo walipofia samaki wako. Katika lile tope wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina sumu kubwa. Maji ya bomba ya Muscat, ambayo mengi hutoka baharini na kuondolewa chumvi, hutiwa klorini ili kuua bakteria, na klorini haibagui. Uliwaua watumishi wa tangi, kisha ukaweka matumbawe yanayopandisha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji. Katika joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7, lakini pH ikifika 8 inakuwa karibu asilimia 5. Ukiongeza chumvi sasa utazidisha taabu, kwa sababu kadiri maji yanavyokuwa na chumvi na joto, ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo.

MwanaMatrah: Nashukuru, lakini chumvi nimekwisha nunua kilo nne. Tena nimelipa arubuni ya kromidi wawili wa kijani, ambao muuzaji alisema watazoeana na hawa.

Hesabu Kwanza: Samahani, bwana, lakini mimi kisa hiki sikiamini. Bahari yenye 1.025 ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo 1.005 inahitaji karibu gramu 7. Nusu kilo katika lita 120 ni gramu 4 na kidogo tu. Ama haidromita haipo, ama tangi halipo. Na hao vifaranga wanaokula ngozi ya wazazi wao ni hadithi ya kuvuta huruma.

Binti wa Mkunazini: La vifaranga ni kweli, kaka. Nimefuga kromidi wa chungwa hapa Al Khuwair, Muscat, na nimeliona kwa macho yangu: vifaranga hujigandisha ubavuni na kudonoa ute, na wazazi hutulia wakiwaacha. La hesabu namwachia mwenyewe.

MwanaMatrah: Sikusema uongo. Lita 120 ni maneno ya aliyeniuzia. Nimechukua futi sasa hivi: urefu sentimita 80, upana 30, kina cha maji 30.

Hesabu Kwanza: Hizo ni lita 72, na nusu kilo ndani yake ni gramu 7 kwa lita barabara. Niwie radhi, ndugu yangu. Haidromita yako ni nzima. Kilichokudanganya ni tangi.

Babu Dau: Na amonia yako basi imejikusanya katika maji machache kuliko ulivyodhani. Badilisha nusu ya maji usiku huu. Maji mapya yatie dawa ya kuondoa klorini, yatie chumvi kufikia 1.005 ileile, na uyaache yapoe, kwani ya tangi la juu ya paa wakati huu ni ya moto. Pampu ya hewa iende kwa nguvu zote, na wakubwa usiwalishe kesho. Kromidi wa kijani hufikia sentimita 20 na kuzidi. Hana nafasi katika lita 72, hata akiwa mmoja.

Binti wa Mkunazini: Tangi langu nalo lina 1.005. Nitakupa nusu ya sifongo langu lenye tope lake. Njoo na ndoo, ulibebe ndani ya maji ya tangi langu, lisikauke njiani.

MwanaMatrah: Nimerudi baada ya siku nne. Kipimo cha amonia kilikuwa kijani kilichokoza usiku ule, yaani amonia ilikuwa nyingi. Leo ni njano yenye ukijani kidogo, baada ya kubadilisha maji kila siku. Wanne waliobaki hawahemi tena juu. Arubuni muuzaji amekataa kuirudisha, nami nimemwachia pamoja na samaki wake. Vifaranga nimehesabu kumi na wanne, na asubuhi hii wote walikuwa ubavuni mwa mama yao. Binti wa Mkunazini, nianze lini kuwalisha hawa wadogo kwa vifaranga wa kamba?

Binti wa Mkunazini: Leo jioni, wale waliototolewa siku hiyohiyo. Wape kidogo, na upime amonia tena kesho kabla ya kuwapa wengine.