Naomba ushauri: ziara ya siku moja ya jiolojia, kisiwa cha Ngazija (Komoro)

Wadau mnaoijua miamba ya Ngazija, naomba mnisaidie kupanga ziara ya gari kutoka Moroni. Kilele cha volkano ya Karthala (mita 2,361) nimekiacha: kupanda na kushuka kunakula siku nzima, na mawingu yakitanda huoni kasoko (shimo la volkano).

Asubuhi ni Singani, kwenye lava ya 1977 iliyokiangamiza kijiji, kabla jua halijaichoma miamba myeusi. Viatu vya soli ngumu na glavu ni lazima. Kingo za lava hukata. Maji lita 3 kwa mtu, kwani kisiwa hakina mito ya kudumu, mvua huzama moja kwa moja kwenye miamba yenye matundu.

Kisha kaskazini, kwenye volkano ya La Grille. Hapa ndipo ninapopathamini zaidi: basalti yake (mwamba mweusi wa lava) imebeba vipande vya kijani vyenye madini ya olivini kutoka chini ya gamba la dunia. Jioni Lac Salé, ziwa la chumvi ndani ya kasoko kando ya bahari.

Je, vipande hivyo vinaonekana wapi pembeni mwa barabara, bila kugonga mwamba nyundo? Na Singani nitenge saa moja au mbili?