Fundi anasema eabegi ni nzima kwa sababu taa haiwaki. Nimwamini?

MamaZuhura

Habari zenu. Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 2004, nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wawili. Juzi shemeji yangu, mwenye gari la aina hiyohiyo na la mwaka huohuo, kapata barua ya kumtaka alipeleke likabadilishwe eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mimi sijapata barua wala simu. Nikaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, ikatoka kwamba na langu limo: upande wa dereva na wa abiria wa mbele.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, mtu ninayemwamini kwa kila kitu. Akafungua swichi, taa ya eabegi ikawaka kidogo ikazimika kama kawaida. "Dada, hii nzima. Hizo biashara za watu tu." Wakala wa mtengenezaji naye anakubali gari linahusika, ila spea hazijafika, niendelee kulitumia watanipigia. Mwanangu wa miaka tisa anapenda kukaa mbele. Naombeni mnijibu kweli: niendelee kuliendesha? Na nikisema eabegi izimwe kabisa mpaka spea ije, nitakuwa nimefanya jambo la maana?

Juma_K

Chomoa fyuzi ya eabegi maisha yaendelee. Magari ya zamani hayakuwa nazo na watu walikuwa wanafika.

FundiUmeme

Dada, pole kwa wasiwasi, na una haki ya kuwa nao. Kazi yangu ni umeme wa magari, kwa hiyo nianze na hiyo taa, maana ndiyo inayowadanganya wengi.

Taa ya eabegi inapima njia ya umeme basi. Kompyuta inapitisha umeme mdogo sana kwenye waya, plagi, sensa na ule utepe uliojiviringisha nyuma ya usukani. Ikiona njia haijakatika, inazima taa. Kilichomo ndani ya mtungi wa kujaza mfuko haikijui kabisa, na ugonjwa wenyewe uko humo. Fundi wako anaweza kuwa mzuri sana kwa injini na gia, lakini hili halionekani kwa macho wala kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Hata mimi ukiniletea sitaweza kukwambia mtungi wako umeharibika au la. Linaloamua ni namba ya chesisi.

Eabegi nyingi zinazoitwa, yaani zinazotakiwa zirudishwe zikabadilishwe, ni zile za kampuni ya Takata ya Japani. Nyuma ya nembo ya usukani pana mtungi bapa wa chuma, ukubwa wake kama kopo la kiwi ya viatu. Ndani mna vidonge vya nitrati ya amonia. Gari likigonga, vidonge vinawashwa, vinatoa gesi, mfuko unajaa kabla hujafumba jicho. Sasa kemikali hiyo inanyonya unyevu, na ikikaa miaka ikipata joto mchana na kupoa usiku, vidonge vinapasukapasuka na kulegea. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi kuliko inavyotakiwa, presha inauzidi mtungi, chuma chenyewe kinapasuka na vipande vinatoboa mfuko vikimwelekea mtu usoni, shingoni na kifuani. Wapo waliokufa kwenye migongano midogo ya mwendo wa polepole, ajali ambazo wangetoka wakitembea. Kwa hiyo gari kuukuu lililozoea joto na unyevu ndilo la kuogopwa zaidi, hata kama limetunzwa vizuri na halijawahi kugongwa.

Na si biashara za watu. Honda walianza kuyaita magari yao mwaka 2008. Marekani peke yake mitungi iliyoitwa ni kama milioni 67. Takata walikiri kosa la udanganyifu mahakamani mwaka 2017, na mwaka huohuo wakafilisika. Yapo magari ya Honda na Acura ya 2001 hadi 2003 ambayo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilisema mtungi una uwezekano wa hadi asilimia 50 wa kupasuka eabegi ikifunguka. Wenye nayo waliambiwa wasiyaendeshe kabisa. Januari 2024 Toyota nao walitoa onyo la namna hiyo kwa Corolla na Matrix za 2003 na 2004, na RAV4 za 2004 na 2005.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakala, tena kwa maandishi, ni hili: gari langu liko kwenye kundi la kubadilishiwa tu, au lile la kutoendeshwa? Likiwa la pili, liegeshe, na udai walifuate wenyewe au wakupe usafiri. Kama ni la kwanza na huna namna, punguza safari. Kiti cha mbele kibaki kitupu. Mtoto nyuma, na mkanda, kuanzia leo.

Juma ndugu yangu, fyuzi hapana. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo inazima mfumo mzima, pamoja na kile kifaa kinachokaza mkanda gari likigonga na eabegi za pembeni ambazo hazina kasoro. Na mtu asiyejua akianza kuchokoa usukani kwa bisibisi anaweza kuifyatua mwenyewe.

Mwl_Rehema

Naongeza kwa niliyoyaona. Langu lilibadilishwa, nikalipeleka nikasimama pembeni nione. Walichomoa betri, wakasubiri kwanza dakika kadhaa ili umeme uliobaki uishe, ndipo wakalegeza bolti za nyuma ya usukani na kuitoa eabegi taratibu, upande wa mfuko ukiangalia juu. Wakasoma namba ya mtungi mpya kwa mashine na kuiandika kwenye karatasi yangu. Hakuna nilicholipa. Karatasi hiyo itunze sana, kwa sababu magari yaliyobadilishwa mwanzoni mengine yaliwekewa mtungi mpya wa aina ileile kwa muda, na yakaitwa tena. Ukinunua gari la mtu akakwambia "hili lilishafanyiwa", mwulize lini, na uiangalie namba ya chesisi upya.

MamaZuhura

Mungu awabariki. Nimemwandikia wakala na nakala nimempelekea mtengenezaji moja kwa moja. Wamejibu kwamba liko kundi la kwanza na wamenipangia nafasi. Mtoto kahamia nyuma, kanuna lakini amekubali. Ila fundi wangu sasa anasema anaweza kunipatia eabegi safi kutoka gari lililokatwa, aifunge kesho tusisubiri.

FundiUmeme

Usikubali. Gari lililokatwa ni la miaka ileile na pengine la aina ileile, maana yake unaweza kutoa mtungi mbovu ukaweka mbovu mwenzake, halafu rekodi inavurugika wakala akifungua akute kitu kisicholingana. Subiri nafasi yako.

Salum77

Samahani kuingilia. Mimi nikiingiza namba tovuti inanikatalia, inadai herufi na tarakimu 17. Yangu ni fupi, ina kistari katikati. Ina maana halihusiki?

FundiUmeme

Hapana, maana yake gari lako lilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Hayo yana namba ya fremu, si ile ya tarakimu 17, na tovuti za Marekani haziyasomi. Tafuta ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji wako, tumia programu ya kutafsiri, uiandike namba yote, ile sehemu ya kabla ya kistari na ya baada yake. Ikishindikana, mtumie wakala picha ya kile kibati cha namba kwenye gari. Na usikae mkao wa kungoja barua: zinakwenda kwa mmiliki aliyeandikishwa, na wa kwako huenda bado ni yule wa Japani.