Fundi kageuza waya wa USB wa mbele, flashi mbili zimeungua, halafu ananiambia "flashi feki hizo"

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Nina steshenari ndogo, nachapa na kutoa kopi. Mwezi uliopita swichi ya kasha la kompyuta yangu ilikufa, nikampelekea fundi mmoja Kariakoo anihamishie vitu vyote kwenye kasha jingine la mtumba. Akamaliza, akachomeka flashi yake poti ya juu ya mbele, ikasoma. "Tayari bosi." Nikalipa, nikabeba mzigo wangu. Poti ya chini hakuigusa, na mimi sikumwambia aijaribu.

Jumanne akaja dada mmoja wa chuo na utafiti wake, anataka nakala 3 zifungwe jalada. Poti ya juu ilikuwa na modemu, nikachomeka flashi yake ya chini. Kimya. Hata taa haikuwaka. Kuja kuichomoa, ya moto mpaka nikaiachia ikaanguka mezani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Dada, flashi yako mbovu." Kaondoka machozi yanamlengalenga.

Jioni nikachomeka yangu ya GB 16 palepale. Safari hii nikasikia na harufu.

Ndipo nikafungua ubavu wa kasha, nikamulika kwa tochi ya simu. Hilo kasha ni la zamani, kila poti ina waya wake wenye kichwa chembamba cha matundu 4 kwa mstari: nyekundu volti 5, nyeupe na kijani za data, nyeusi ya ardhi (njia ya umeme kurudi). Pale kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), palipoandikwa F_USB, yaani USB za mbele, kuna safu mbili: moja ina pini 5, nyingine 4, kona moja imeachwa wazi makusudi. Volti 5 ziko upande wa namba 1, mbali na ile kona. Kichwa cha poti ya juu kimekaa sawa. Cha poti ya chini, nyekundu imekaa upande wa kona! Yaani nyekundu imekalia pini ya ardhi, nyeusi imekalia volti 5. Flashi ya mtu ilikuwa inalishwa umeme kinyumenyume.

Vile vichwa vipana vya matundu 10, moja likiwa limezibwa, huwezi kuvigeuza hata ukiwa umelewa. Hivi vyembamba vinaingia kokote, ndiyo maana fundi anatakiwa asome. Vichwa vyenyewe vimeandikwa VCC (volti 5) na GND (ardhi)! Na kabla ya kuchomeka chochote cha mtu, mita ya kupimia umeme ya bei rahisi kabisa ingemwonyesha alama ya kutoa mbele ya 5. Sekunde kumi tu.

Nimempigia. Unajua kanijibu nini? "Bosi, USB umeme wake mdogo, hauunguzi kitu. Flashi za siku hizi feki." Nikamtumia picha ya waya. Kaiona, alama mbili za bluu, kimya mpaka leo. Nimeenda dukani, kijana aliyekuwepo ananiambia "ulifungua mwenyewe, hatuhusiki tena." Nisingefungua ningejuaje?

Waya nimeugeuza mwenyewe, nikajaribu kwanza na kipanya kibovu ambacho hata kikifa sihuzuniki. Kinafanya kazi. Kwa hiyo mazabodi imenusurika.

Tatizo langu ni huyo dada. Nimempigia nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni la mashine yangu, na flashi mpya nitamnunulia. Kanijibu flashi haitaki, anataka sura ya nne, hana kopi mahali pengine.

Mwenye kujua, kuna fundi Dar anayeweza kung'oa chipu ya kumbukumbu akaihamishia kwenye flashi nyingine ya aina ileile? Nikikagua bodi yake ndogo, naona kidude kimoja cheusi kimevimba karibu na mdomo wa USB, ile chipu kubwa inaonekana nzima. Gharama nalipa mimi. Fundi wa Kariakoo nitamalizana naye baadaye.