Naomba ushauri: nyumba ya bibi kule Marangu, Kilimanjaro, tuikarabati au tuibomoe?

Habari zenu wakuu. Sisi tumekulia Dar, lakini kila Desemba mzee alitupakia kwenye basi hadi Marangu, kwa bibi. Kukuru kakara za kulala wajukuu tisa chumba kimoja, asubuhi baridi mpaka unaogopa kunawa uso, kisha mtori wa moto jikoni kwenye moshi. Mchana tunacheza na maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, katikati ya migomba na kahawa. Kuchuma kahawa ndiyo tulikuwa tunakwepa, nisidanganye.

Bibi hayupo tena. Nyumba inavuja, mchwa wamekula kenchi. Baba mdogo anataka tubomoe tujenge ya kisasa, shangazi anasema isiguswe kabisa. Mimi nawaza tubadilishe bati na kenchi tu, kuta zibaki, ili wanangu nao walale pale Krismasi.

Waliowahi kukarabati nyumba ya zamani kijijini, mlianzia wapi? Na hatimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba hiyo, kiandikwe jina la nani bila ukoo kugombana? Makaburi yapo humo humo.