Nilihojiwa wasinichukue, tangazo limetoka tena: nipeleke tena dosiye ya maombi?

Mwana Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, nishaurini. Mwaka jana niliitwa intaviu ya kazi ya ghala la vipuri vya migodini, upande wa Kolwezi. Maswali ya kazi yalienda vizuri. Walinionyesha hesabu ya filta za oili kwenye kompyuta, hailingani na iliyo kwenye rafu. Nikasema ningeanza kukagua bono za kutolea mzigo kabla ya kumshuku mtu. Wakaridhika. Ndipo bwana mmoja akaniuliza nina mchumba, na nitazaa lini. Nikamjibu, "Papa, hilo filta hazilijui." Mama mmoja pembeni akajikaza asicheke. Simu haikulia tena.

Sasa nafasi ileile imetangazwa, nami nimeshapata cheti cha kuendesha forklifti. Rafiki ananiambia nigeuze majina, postinomu (lile jina linalofuata jina kuu) itangulie, wasinitambue. Mnaonaje?

Papa Likasi
Binti, kama yule bwana bado yupo, unatupa pesa ya fotokopi.

Yaya wa Bel-Air
Papa, hapo sikubaliani nawe. Nafanya kazi biro ya wafanyakazi. Baada ya intaviu kila mmoja wetu hujaza fishi ya alama, inabanwa ndani ya dosiye. Nafasi ikifunguka tena, kwetu tunaanza na wale waliobakiza kidogo tu kuchukuliwa, maana bahasha zinakuja rundo na nani atazisoma zote? Kinachomwangusha mtu ni sivi (karatasi ya historia ya kazi) mbili zisizopatana: ya zamani inasema aliacha kazi mwezi wa tatu, mpya inasema wa saba. Habari ya kugeuza majina iache kabisa. Kadi yako ya mpiga kura si ni ileile?

Kwenye barua sema mapema kwamba mlishaonana kwa nafasi hiyohiyo, na tangu hapo umepata cheti. Yule bwana usimtaje. Sheria ya kazi ya 2002 inakataza hata kumdai mwanamke anayeomba kazi kipimo cha mimba, kwa hiyo jibu lako halikuwa na ubaya. Akirudia, mwambie zamu za usiku unaziweza, unyamaze.

Ila kwanza: nani hasa alikuhoji? Huku kazi nyingi za migodi zinapitia kwa wale wanaotafutia makampuni watu. Kama ni wao, dosiye yako imelala kwao. Kampuni yenyewe huenda haikuwahi kuliona jina lako.

Mwana Katuba
Yaya, nimefungua ile barua pepe ya mwaliko. Ilitoka kwao kweli! Tangazo la safari hii ni la kampuni yenyewe. Lakini yule mama alijitambulisha kuwa mkuu wa ghala.

Yaya wa Bel-Air
Basi huyo ni wa kampuni, na pengine ndiye utakayefanya kazi chini yake. Kwenye barua mtaje kwa cheo chake. Peleka kesho.

Papa Likasi
Haya, nimeshindwa. Fotokopi kafanyie karibu na chuo, za mjini wanakunyonya.