Mrejesho: Mamlaka ya ardhi kuidhinisha tathmini ya mradi wake
Niliuliza iwapo mamlaka inayotwaa na kugawa ardhi inaweza pia kuidhinisha tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wake yenyewe, huu wa barabara. Nawashukuru mlionielekeza kwenye Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la mwaka 1992 (tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo), inayotaka wananchi wapate taarifa, washiriki katika maamuzi na wawe na njia ya kudai haki. Niliomba kwa maandishi ripoti kamili ya tathmini hiyo, na humo nikakuta ardhioevu inayotarajiwa kufukiwa imetajwa kwa sentensi moja tu (muhtasari tuliopewa awali haukuitaja kabisa). Pingamizi letu kuhusu tathmini hiyo limepokelewa ndani ya muda. Barabara inaendelea kujengwa upande wa nchi kavu, jambo ambalo binafsi silipingi.