Likizo ya karavani Ufaransa: tumchukue paka au tumwache?

Mama Nasra: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Tunaishi Leicester, Uingereza, na kiangazi hiki tunakusudia kuvuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, hadi Ufaransa. Paka wetu hajawahi kulala nje ya nyumba. Je, tumchukue au tumwache kwa jirani?

Baharia: Waalaykum salaam, dada. Mchukueni, ila anzeni kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa paka anayetoka Uingereza kuingia Umoja wa Ulaya lazima awekwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa, na baada ya chanjo ya kwanza zipite siku 21. Cheti cha afya nacho hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia. Cheti hicho si rahisi mfukoni.

Bi Salama: Naongezea, mwanangu, kwamba njiani paka akae garini, katika kikapu kilichofungwa kwa mkanda wa kiti, wala si ndani ya karavani, ambamo vitu huyumba na joto hupanda upesi. Kabla ya safari mzoesheni karavani ikiwa imeegeshwa nyumbani, mkimwekea humo sanduku lake la mchanga wa kujisaidia na blanketi lisilofuliwa, lenye harufu yake. Dawa ya mbwa ya viroboto na kupe msimpake kamwe, kwani permethrini, kiuawadudu kilichomo katika baadhi yake humuua paka.

Mzee Kombo: Akiwa mzee au mwoga, mimi ningemwacha. Mlango wa karavani hufunguliwa kila mara, na akitoroka ugenini hajui pa kurudi. Mkimchukua, avishwe mkanda wa kifuani kabla mtu hajagusa kitasa.